Nyasi Kavu za Farasi wa Kaka

Farasi alifika kwetu Jumamosi asubuhi, akitembezwa kutoka upande wa pili wa mji, na kaka yangu alimtangulia kifua mbele kama bwana harusi. Kaka alikuwa ofisa jeshini. Miaka ile ofisa aliweza kuamka hana kitu akalala ana nyumba. Nyumba yake, juu ya mteremko unaoshukia mtaa wa Kamwokya, ilikuwa ya Wahindi waliofukuzwa nchini, na farasi naye alitoka kwenye zizi la watu waliofungasha na kuondoka. Mimi nilikuwa najifunza unesi hospitali ya Mulago, nikiishi kwake. Nilimpenda sana kaka, lakini farasi katika mji usio na sabuni wala sukari niliona ni wazimu mtupu, na nilimwambia. Alicheka tu. Alishawaalika wakubwa zake chakula, na alitaka wamwone amepanda.

Farasi alikuja na mtunzaji wake, mkimbizi kutoka Kongo ya mashariki, mwembamba, sauti yake ya chini. Nyuma yake mkokoteni ulibeba magunia ya nyasi kavu kutoka zizi la zamani. Kaka alimwambia mbele yetu sote, "Farasi hii ikikufa, wewe iko nafuata." Alisema kwa mzaha, kwa Kiswahili cha kambini. Lakini watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari kwa mambo madogo kuliko farasi, na hawakuonekana tena, kwa hiyo mizaha ya aina hiyo tulikuwa tumeacha kuicheka. Yule mtu aliitikia, "Ndiyo, afande," akaanza kushusha magunia.

Aliyekasirika ni mama. Mama alikuwa mjane wa askari, amekuja kutoka kijijini kwetu ng'ambo ya Nile kukaa na mwanawe, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Kwetu, mgeni hupewa kilicho bora siku anayofika, hata kama wenyeji watalala na maji matupu tumboni. Sasa mama akamwona Mkongo anamtupia farasi, mgeni wetu, nyasi kavu kama za kuezekea paa, zimechanganywa na konzi moja tu ya majani mabichi, na uani kwetu majani yamefika magotini.

"Wewe iko nanyima mgeni chakula," alimwambia.

"Hapana, mama. Tumbo yake haijajua majani ya hapa. Tunampa kidogo kidogo, ile ya zamani tunapunguza. Akila mingi mara moja, tumbo inafunga."

"Tumbo ya kuogopa kula? Mimi nazaa, mimi nalea, hiyo tumbo sijaona."

Yule mtu alicheka kwa heshima, akaendelea na kazi yake. Mama hakucheka. Aliniambia jikoni kwamba huyo ni mvivu, hataki kukata majani, na kwamba farasi akikonda aibu itakuwa ya nyumba yetu. Nilimjibu amwachie mwenye kazi kazi yake, nikakimbilia zamu yangu hospitalini.

Mabomba yalikuwa makavu, na kila siku Mkongo aliteremka na madumu kwenye chemchemi ya Kamwokya. Ndipo mama alipopata nafasi. Alimpelekea mgeni wake matete mabichi, mabua machanga ya mahindi, na beseni la pumba iliyolowekwa. Farasi alimaliza yote, akamlamba viganja. Mama alifurahi mno, na mimi namwelewa. Tangu afike mjini hakukuwa na mtu aliyekula kwake kwa hamu namna ile. Sisi tulikula tukisikiliza gari gani limesimama nje.

Alhamisi mchana nilirudi kutoka zamu nikamkuta farasi amelala uani, ametota jasho, anapiga teke tumbo lake mwenyewe. Mama alikuwa kando yake na beseni, analia. Mkongo aliingia na madumu yake. Alilitazama beseni, akamtazama mama, akatua madumu. Alimvuta farasi kwa kamba mpaka akasimama, akaanza kumtembeza akizunguka nyumba.

Nilimfuata. "Kaka yangu anarudi sasa hivi. Teremka Kamwokya, potea."

"Dada, nikiacha kamba atalala tena. Akibingirika, matumbo inajipinda. Basi amekufa."

Yeye alitembea.

Gari la kaka likaingia. Aliuona mdomo wa farasi wenye povu, akashuka na mkono kwenye bastola. "Umempa nini? Nani amekulipa?" Mkongo aliinamisha kichwa, akakaza kamba. Kaka alimshika ukosi. "Nani amekulipa?"

"Mimi," mama alisema. Alikuja na beseni mikononi, akalisukuma kifuani kwa mwanawe. "Mimi nalisha yeye. Huyu alinikataza. Kama ni kupiga, piga mama yako."

Kaka alimwachia yule mtu. Ndipo farasi mwenyewe alipoinua mkia. Kwanza ulitoka upepo mrefu, kisha mavi, mengi, yakianguka juu ya viatu vya kaka. Mkongo alifumba macho akamshukuru Mungu: tumbo limefunguka. Mama akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka, na kaka pia, akicheka kama alivyokuwa akicheka tulipokuwa wadogo. Nilidhani yamekwisha.

Kwa furaha ile ile kaka alimpiga yule mtu begani. "Na wewe bwana, kwa nini hukusema?"

Mkongo alimfuta farasi povu mdomoni.

"Afande, ningesema ni mama yako, ungeniamini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kaka akaipokea kamba, akaanza yeye mwenyewe kumtembeza farasi, akizunguka nyumba, na kila alipotupitia aliangalia chini. Mama alibaki amesimama pale pale, akimngoja mwanawe aseme ndiyo, angemwamini yule mtu.