Walipoteremka Uvinza

Kaka yangu alikuwa mtoto wa nadhiri. Kabla yake mama alizika watoto watatu, wote hawajatimiza mwaka, na alipobeba mimba ya nne baba alimwahidi Mungu kwamba akizaliwa mtoto wa kiume na akaishi, atamtoa akasome dini na kuitumikia maisha yake yote. Akazaliwa, akaishi. Miaka miwili baadaye nikazaliwa mimi, ambaye sikuahidiwa kwa yeyote.

Tulikaa Ujiji. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na sare za shule barazani kwetu. Mimi na kaka tulisoma madrasa moja, na kila Idi ya kuchinja ilipokaribia mwalimu alituhadithia habari za yule nabii wa kale aliyeota anamchinja mwanawe. Wenzangu waliingojea sehemu ambayo kondoo anashushwa. Mimi nilikwama kwingine. Siku moja nikanyoosha kidole.

“Mwalimu, mama yake alikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Aliambiwa?”

Mwalimu aliniambia nikae. Hakukasirika. Nadhani naye hakuwa amewahi kujiuliza.

Kaka alipofika miaka kumi, baba alisema wakati umetimia. Kulikuwa na chuo cha dini cha bweni huko Tabora, na shehe mmoja alikubali kumpokea. Mimi niliambiwa kaka anakwenda kusalimia ndugu. Mama alipika vitumbua, akakaanga samaki wa migebuka, akafunga kila kitu kwenye kitambaa cheupe. Mchana wakaondoka kwenda stesheni, kaka amejitwisha kisanduku cha bati, baba mbele. Mama aliwasindikiza mpaka mlangoni tu. Hakulia, na hilo lilinishangaza, kwa sababu mama alikuwa analia hata kwenye harusi za watu.

Siku ya nne wakarudi wote wawili. Baba alitua mfuko wa chumvi sakafuni, akaomba maji ya kuoga. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kesho yake kaka alivaa sare akaenda shule kama kawaida. Ijumaa iliyofuata mama alipika pilau sufuria kubwa, wakaja watu kumi wasiojiweza kutoka msikitini, wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba ile ilikuwa kafara ya nadhiri iliyovunjwa. Lakini kwa nini ilivunjwa, hilo halikusemwa nyumbani kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sasa ninakaa Gungu, nafundisha shule ya msingi. Jirani yangu ni mama wa Kirundi aliyeletwa nchini na wazazi wake akiwa mdogo, mtu wa kanisa sana. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, tulikuwa uani kwangu tukichambua mchele, mazungumzo yakaangukia kwenye yule nabii. Tulianza kwa kubishana ni mtoto yupi. Sisi tunasema mkubwa, yeye akasema mdogo, yule aliyezaliwa uzeeni. Hapo hatukukaa sana. Kilichonivuta ni jinsi alivyoisimulia safari yenyewe. Kwao mtoto anapanda mlima akiwa amebeba kuni, haelewi chochote, mpaka anamuuliza baba yake mbona mnyama wa kuchinja hayupo.

“Kwetu anajua,” nilimwambia. “Baba yake alimweleza ndoto, akamuuliza anaonaje.”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. “Alimuuliza? Na mtoto akasema nini?”

“Akamwambia afanye alivyoamrishwa.”

Akaanza tena kuchambua. “Afadhali wenu alijua. Lakini baba yako akikuuliza jambo kama hilo, wewe ni mtoto, utajibu nini zaidi ya ndiyo?”

Swali lile lilikataa kuniacha. Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Ujiji. Baba macho yamepungua nguvu, hashoni tena, lakini bado hukaa pale pale barazani asubuhi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona leo mapema?”

Nikamuuliza moja kwa moja kilichotokea kwenye treni ya Tabora mwaka ule. Akaanza kusema taratibu, kama anayetafuta njia aliyoipita zamani.

“Nilikuwa sijamwambia tunakokwenda. Treni ilipoondoka nikaona haya. Nabii wa Mungu alimuuliza mwanawe, mimi fundi cherehani ni nani nisiulize? Nikamwambia yote. Nikamuuliza, unaonaje? Akasema, baba, ukisema nikae, nitakaa.”

“Basi si alikubali?”

“Alikubali. Kisha akaniuliza, sasa nguo zangu za Idi utanipimaje? Na mimi futi ya kupimia iko shingoni, nimesahau kuivua nyumbani.” Alipitisha kiganja shingoni. “Jua lilikuwa linazama tulipofika Uvinza kwenye chumvi, Tabora bado mbali. Nikashusha sanduku. Tukalala kwa mteja wangu mmoja wa huko, tukangoja treni ya kurudi.”

Nilimuuliza kama alihisi ameambiwa ateremke.

“Nabii aliitwa kutoka juu,” alisema. “Mimi hakuna aliyeniita. Niliteremka mwenyewe. Mpaka leo sijui kama nilipewa ruhusa au niliasi. Nitajua nikifika.”

Alisema bila uchungu, kama mtu anayengoja majibu ya barua. Nikamshika mkono tu, tukakaa.

Jioni nilimfuata kaka huko Kibirizi ufukweni, anakotengeneza injini za boti. Alikuwa na grisi mpaka viwiko. Nilimsimulia, naye akacheka kidogo.

“Aliniuliza kweli. Ila nilikuwa najua kabla hatujatoka nyumbani. Mama aliniambia.”

“Alikwambia nini?”

“Kwamba ninapelekwa nikabaki huko huko. Na kwamba tukikaribia Uvinza nishike tumbo, nilie, niseme naumwa.”

“Ukafanya hivyo?”

“Nilishindwa. Baba alinieleza kwa upole mno, nikaona nitakuwa namdanganya mtu ambaye hajanidanganya. Lile la nguo nililiuliza kwa sababu nilitaka kujua.”

Wiki iliyofuata nilimpata mama jikoni peke yake, nikamgusia habari za tumbo. Aliendelea kusonga ugali wa muhogo. Ulipoiva akaipua sufuria, akanigeukia.

“Mimi nilishazika watatu,” alisema. “Nadhiri aliiweka baba yenu. Mimi sikuulizwa.”

“Hukuogopa?”

“Niliogopa sana. Siku zile nne sikutoka kwenye mswala, namwomba Mungu anirudishie mtoto, na hapo hapo namwomba anisamehe kwa kumwomba.” Akafuta mikono kwenye kanga. “Usimwambie baba yako. Yeye ana hesabu yake na Mungu, mimi nina yangu.”

Sijamwambia. Lakini kila nikimwona pale barazani hujiuliza, kama angejua dua ya mama, angepata nafuu au angeona uamuzi wa kuteremka haukuwa wake peke yake. Jirani yangu anasema nafuu. Kaka anasema nimwache. Mimi bado sijaamua.