Vagn wa Machinjioni Aingia Shule ya Uuguzi

Kwa miaka ishirini na mitatu Vagn Toftdal alipasua nguruwe katika machinjio moja huko Jutland, Denmark, na hapakuwa na aliyemzidi kwa kisu wala kwa domo. Machinjio ilipofungwa, wenzake wengine walikwenda kuendesha malori, wengine wakastaafu mapema. Yeye alirudi nyumbani, na walipokuwa wakila mkate mweusi na maini ya kusaga, akamwambia mkewe Jytte kwamba ameomba nafasi chuo kikuu, kwenye shule ya uuguzi.

Jytte akaweka uma chini. "Uuguzi? Wewe? Nikishikwa na mafua tu unahamia gereji!"

"Ndiyo maana nataka kufundishwa," akasema Vagn.

Kwenye usaili aliulizwa kwa nini anadhani anafaa. Akajibu bila kusita kwamba anajua kila kitu kilipo ndani ya mwili, ukiacha tofauti ndogo ndogo. Walimu wawili wakatazamana. Wa tatu, Gunhild Ravn, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, alicheka mpaka akavua miwani. Vagn akapata nafasi.

Penye mlango wa shule, malengo na maadili yake yalikuwa yameandikwa ukutani kwa herufi kubwa za buluu: kumheshimu mgonjwa, kusema kweli, kujifunza bila kukoma, kumsikiliza mtu kabla ya kuutazama ugonjwa wake. Vagn aliyasoma siku ya kwanza, kikombe cha kahawa mkononi.

"Kwetu ukutani paliandikwa maneno mawili tu," akawaambia wanafunzi wenzake, wengi wao umri wa binti yake. "'Visu vioshwe.'"

Wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo wakamwita Babu, ingawa alikuwa na miaka arobaini na saba.

Masomo ya mwili hayakumsumbua. Sindano alichoma kwa mkono mwepesi, vidonda alifunga vizuri kuliko darasa zima. Kilichomshinda ni kunyamaza. Hata yule mwanasesere wa mazoezi, aliyelala kitandani na macho yake ya plastiki, alisimuliwa mechi zote za mpira wa mikono za msimu ule.

"Vagn," Gunhild akamwambia, "mikono unayo. Sasa tafuta masikio."

Mwaka wa pili alipelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Akakabidhiwa Bi Thyra Kjeldgaard, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na tisa aliyevunjika nyonga. Bibi huyo alikuwa amepungukiwa maji mwilini, kwa hiyo kila glasi aliyokunywa ilitakiwa iandikwe kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Vagn alimmiminia sharubati ya stroberi, akapiga soga na kuimba huku akimpangia mito, akatoka. Alirudi akakuta glasi tupu, akaandika. Siku tatu mfululizo glasi tupu, siku tatu akaandika. Lakini midomo ya Bi Thyra ilizidi kukauka, na majibu ya damu yakamtatiza daktari.

"Mbona anakunywa kunishinda mimi!" Vagn akashangaa.

Asubuhi ya siku ya nne aliinua chungu cha ua pale dirishani ili apanguse vumbi. Sharubati nyekundu ikamchuruzikia mpaka viatuni.

Alijifungia katika choo cha wafanyakazi dakika kumi nzima. Hakuna aliyeona. Angeweza kufuta sakafu na kuanza kuandika sawasawa kuanzia siku ile. Lakini daktari alikuwa ameshaanza kushuku ugonjwa wa figo. Vagn akatoka, akamtafuta daktari, kisha akampigia Gunhild simu.

"Nimeandika uongo siku tatu," akasema. "Sikukusudia, ila sikumwona akinywa hata mara moja."

Gunhild akauliza, "Daktari anajua?"

"Nimeshamwambia. Amenitolea macho, nikadhani ananifukuza."

"Basi hilo limenyooshwa. Na Bi Kjeldgaard mwenyewe, umemuuliza kwa nini?"

Hakuwa amemuuliza.

Akaenda, akavuta kiti, akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuanza yeye kusema. Bi Thyra alikitazama chungu, akamtazama yeye.

"Umenikamata, kijana."

"Niwie radhi, Bi Kjeldgaard. Nilikuwa napiga domo badala ya kutazama."

"Domo unalo," akakubali. Kisha sauti ikashuka. "Nikinywa, lazima niende chooni. Na kwenda chooni lazima nipige kengele, nanyi mnakimbia huku na huku kutwa nzima. Juzi nilisubiri, nikasubiri... Nimefundisha watoto miaka arobaini, Vagn. Sikuzoea kulowesha shuka."

Utani ulimfika Vagn mdomoni, akaumeza. "Ungependa tufanyeje?"

Wakapatana. Saa tatu, saa sita na saa tisa atakuja mwenyewe bila kengele, atasubiri nje ya mlango, wala hataimba.

"Na hiyo sharubati uiondoe," akasema Bi Thyra. "Siipendi hata kidogo. Niletee kahawa."

Baada ya wiki moja alikuwa akitembea korido nzima akiegemea kigari chake cha kutembelea. Ua la dirishani halikupona.

Gunhild alimwomba Vagn alisimulie darasa kisa hicho, kama yuko radhi. Alisimama mbele, masikio mekundu, akaeleza yote. Walicheka alipofika kwenye viatu. Kisha binti mmoja, Signe, akainua mkono na kusema kwamba yeye aliwahi kuandika mapigo ya moyo ambayo hakuyapima. Akafuatia mwingine. Saa ya mapumziko ikapita bila mtu kuondoka.

Vagn alihitimu akiwa na miaka hamsini, akaajiriwa wodi ile ile. Msimamizi aliwahi kumlalamikia kwamba asubuhi anachelewa kumaliza, kwa sababu anaketi kando ya vitanda vya wagonjwa akiwasikiliza.

"Basi nitawahi nusu saa," akajibu.

Na anawahi kweli, kwa baiskeli, hata mvua ikinyesha.