Maneno Chukua, Sahihi Niachie

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini hapa Dongobesh barua za watu maarufu ziko kwangu. Nakusanya zile walizoandikiana marafiki. Isiyo na sahihi siitaki hata bure.

Moja niliifuata Basotu, kwa mjane wa mchezaji mpira aliyewahi kutikisa mkoa mzima. Rafiki wa huyo marehemu, mwimbaji tuliyemsikia sana redioni, alimwandikia kuulizia ndama na mvua. Mama yule alinionyesha barua, kisha akaleta mkasi.

"Maneno chukua, baba. Sahihi niachie."

"Mama, hiyo sahihi ndiyo nimeifuata!"

"Mimi sijui kusoma. Maneno nilisomewa, nikayashika. Lakini huo mchoro wa chini nikiuona tu, ni kama namwita tena mume wangu shambani: njoo, mwenzako ameandika. Ukienda nao, nitatazama nini?"

Nilimnyang'anya mkasi, maana ulishafika kwenye karatasi. Barua nikaikunja nzima, nikamrudishia.

Nyumbani nilifika mikono mitupu. Nilipomsimulia mke wangu, akacheka, "Leo umeshindwa na mama asiyejua kusoma!"

Nikamwambia ndiyo, nimeshindwa, lakini barua haikukatwa.