Mdomo Shangani, Vidole Jambiani

Nichekeni, lakini taratibu. Miaka miwili nauza sabuni za mwani Mji Mkongwe, na miaka miwili nimewaaminisha wenzangu dukani kwamba mimi ni mzaliwa wa Shangani, damu ya Kiarabu, sijawahi kukanyaga tope la pwani. Jambiani, kwa wakulima wa mwani? Naisikia tu, maskini mimi.

Juzi mwenye duka, Bi Zuhura, alimwalika mkulima wa mwani aje awaonyeshe watalii kazi yake. Akaingia mama yangu mzazi.

Nikamwamkia kama mgeni: "Shikamoo, bi mkubwa."

Akanitazama weee. "Marahaba," akaitika, akapita kwa watalii. Moyo ukanitulia.

Bi Zuhura akatugawia kamba na mwani, tujaribu kuufunga. Wenzangu wakahangaika. Mimi nikawa nawaeleza watalii, kwa madaha, kwamba sisi watu wa mjini kazi hizi hatuziwezi kabisa. Mdomo uko Shangani, kumbe vidole vimesharudi Jambiani. Kutazama chini, kamba nzima nshaifunga.

Mama akaichukua ile kamba, akaivuta.

"Fundo la mwisho limelegea," akasema. "Tangu una miaka sita nnakwambia."