Nilivyomharibia Kaka kwa Mzee Mwenye Faili

Jamani, mdomo wangu nautoa bure. Anayeutaka aje Bulyaga auchukue.

Kaka Lusekelo alikuwa akilazimishwa kuoa binti mmoja wa kule Kawetele, naye hamtaki. Akaninong'oneza, "Wakija watu wa upande wa binti kuulizia tabia yangu, we niharibie tu." Kwetu kabla ya posa lazima waje kuchunguza. Na kuharibu ndilo somo pekee ninalofaulu.

Jumamosi akaja mzee mwenye faili, akanikuta nje ninamenya ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lusekelo unamfahamu?"

"Sana! Anadaiwa kila duka. Akimwona mwenye duka anajificha migombani."

"Amewahi kushikwa na polisi?"

Kweli, zamani aliiba mkungu wa ndizi akalala mahabusu. Nikaona haitoshi. "Mara nne, mzee. Kuku, baiskeli, mpaka kengele ya kanisa."

Akaandika yote. Sikujiuliza ni mkwe gani huyo anayeandika.

Kaka akatoka ndani, shati limepigwa pasi, akasimama wima kama mlingoti. "Shikamoo afande! Nimesubiri upekuzi huu wa kuajiriwa miaka miwili. Kwenye fomu ya kazi nimeandika kweli tupu: kosa moja la utotoni, na mkopo nilioumaliza."

Ndizi ikanidondoka.

Afande akafunga faili taratibu. "Yaliyobaki nimeyapata kwa mdogo wako."

Kaka akanigeukia, bado anatabasamu. "Ndaga, asante sana, mdogo wangu. Umemwambia nini?"