Mahasimu wa Kajaani Wapata Tajiri Mmoja

Saa tatu asubuhi, baridi ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Aune Kemppainen amepiga magoti juu ya barafu ya Ziwa Oulujärvi, kinasa sauti mkononi, pumzi ameibana. Mbele yake Esko Määttä anateleza kwa ski, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, na theluji inalia kwii, kwii chini ya uzito wake.

"Rudia," Aune anasema. "Umekohoa."

"Nimekohoa wapi? Hayo ni magoti, bibie."

Anarudia. Kila akirudia, anamsaidia Aune kumnyang'anya kazi.

Aune, mwenye umri wa miaka 44, hurekodi sauti za michezo ya kompyuta mjini Kajaani, Finland. Esko anafanya kazi hiyohiyo katika kampuni iliyo ng'ambo ya barabara. Kila kampuni ina mchezo wake wa mbio za ski, na kwa miaka kumi na moja zimekuwa zikifukuzana.

"Wao wakiweka theluji inayolia, sisi tunaweka inayobadili mlio baridi ikizidi," anasema Aune. "Hakuna aliyethubutu kulegea."

Lakini mtu hawezi kuteleza na kurekodi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mahasimu hawa wawili, bila mabosi kujua, wamekuwa wakisaidiana ziwani. Esko ana mlio mzito, Aune mwepesi.

Mwezi uliopita kampuni kubwa ya nje ilizinunua zote mbili. Mchezo mmoja utafutwa, na mrekodi sauti atabaki mmoja. Kila mmoja ametakiwa kutuma dakika moja ya sauti kabla ya saa sita mchana leo.

Aune, anayelea binti peke yake kwa mshahara wa yuro 3,100, ana hofu zaidi ya kufukuzwa.

"Zamani bosi akinibania, navuka barabara. Nimevuka mara mbili, na mara zote mshahara ulipanda. Sasa hata nikibaki, nivuke niende kwa nani? Kule ni kwa tajiri huyohuyo, huku ni kwake."

Zamu inageuka. Esko anapiga magoti, Aune anavaa ski. Akikanyaga vibaya kidogo tu, rekodi ya Esko itaharibika na kazi itakuwa yake Aune. Esko anajua. Hamtazami usoni.

Aune anajisukuma. Theluji inalia kwa sauti nyembamba, bila kukatika, mita mia mbili nzima.

"Imetoka," Esko anasema polepole. "Ungeweza kuiharibu."

"Bado naweza. Usinichokoze."

Wanamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Aune anasema hata akichaguliwa, ifikapo Septemba atafungua kampuni yake ndogo, na mchezo wake wa kwanza utakuwa wa ski.

"Ushindane na hao?" Esko anacheka. "Wewe na nani?"

"Na wewe. Kila mwezi nitakupa yuro kumi juu ya chochote watakachokupa wao."

Esko anakunywa kahawa, anatazama saa. Ni saa tano na robo. Nyumbani ana watoto mapacha wa miezi minne.

"Ishirini," anasema.