Nilipoombwa Niwe Mama wa Kambo

Nakumbuka siku vijana wa mtaa wa Rusimbi walipobisha hodi kwangu, simu mkononi na taa ya kupigia picha begani, wakaniomba nicheze mama wa kambo katika sinema yao. Wewe mwanangu umekaa jikoni kwangu unalia kwa sababu unaolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, ana binti mdogo, na watu wameshaanza kukutia maneno. Futa machozi, epua hayo maharage yasiungue, unisikilize.

Sinema yenyewe ilikuwa ile hadithi tuliyoikuta wote: yatima, mama wa kambo anamtumikisha, harusi kwa tajiri, kiatu kimoja kinabaki. Ila hawa walitaka iwe ya nyimbo mwanzo mpaka mwisho, na iwe ya hapa kwetu, dagaa, mawese na yote. Yatima wa kuimba alikuwa Zawadi, binti wa mume wangu, ambaye nilimkuta kwenye ile nyumba hata meno ya utoto hayajang'oka. Mama wa kambo ndiye aliyekosekana. Kila mwanamke waliyemwomba alikataa, maana hapa Ujiji ukionekana mbaya kwenye picha utaitwa hivyo sokoni mpaka uzikwe. Mwenye sinema, kijana anaitwa Kibwana, akaniamkia vizuri, kisha akasema bila haya kwamba bi mkubwa hahitaji hata mazoezi, si ndiyo kazi yake?

Zawadi akainamisha uso. Iliniuma, nisikufiche. Kwa mtoto yule nilitaka kitu kimoja tu, anihesabu kuwa mzazi wake, na miaka yote sikujua kama ananihesabu. Alikuwa akiniita Bi Mwajuma, kama majirani. Nikakubali, nadhani kwa hasira.

Jambo hilo nilikuwa nalo tangu nikiwa bibi harusi. Shangazi yangu alinikuta nalia, kisa mtoto amekataa kuniita mama mbele ya wageni. Akanivuta uani. "Mama yake yuko kaburini, Mwajuma, na wewe unamdai jina lake? Mpikie, mwogeshe, akikosea mgombeze. Jina mwachie mwenyewe." Alikuwa mkali shangazi yule, Mungu amrehemu. Nikafanya alivyosema.

Basi siku ya kupiga picha tukaanzia uani kwangu. Nilitakiwa kumwaga dagaa mchangani, nimwamuru Zawadi awaokote mmoja mmoja huku wenzake wanakwenda harusini. Kwanza niliwaambia dagaa wazuri waliotoka mwaloni kwa wavuvi hawamwagwi ovyo, tafuteni waliooza. Halafu nikafoka. Nilifoka mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Ikafika zamu ya Zawadi kuimba ubaya wangu, akafungua mdomo, kimya. Wakarudia, kimya. Kibwana akaanza kulalamika kwamba simu inaisha chaji.

"Siimbi," Zawadi akasema. "Huu wimbo ni wa uongo, Kibwana. Bi Mwajuma hajawahi kunifanyia hivi, na watu wataamini."

Kibwana akashika kichwa. Bila mama mbaya, nani awe mbaya? Zawadi akafikiri kidogo, akamwambia waweke wale wanawake wa bombani. Wale waliokuwa wakimsimamisha tangu mdogo, ndoo kichwani, wamuulize jana amekula nini, amepigwa lini, mbona kanga ya yule mwanamke ni mpya na gauni lake limechakaa. Mwanangu, nilikuwa nimesimama na sinia mkononi na sikuwahi kulijua hilo. Mtoto alikuwa akirudi na maji na maneno. Maji anayamimina kwenye pipa, maneno anayameza. Nililia palepale mbele ya kamera, wala aibu sikuona.

Hadithi ikageuzwa. Mama akawa ndiye anayempamba binti kwenda harusini, na majirani wakawa wanaimba kwa pamoja kumtia sumu. Kile kiatu nikakiondoa mimi. Harusi gani ya Ujiji watu hawavui viatu mlangoni, na nani hajarudi nyumbani na ndala zisizo zake? Kijana akizunguka na kiatu kutafuta mchumba, ataoa mtaa mzima. Wakaona kweli, wakamfanya amtafute binti kwa kuifuata sauti yake ya kuimba. Sasa ucheke kidogo: waliokuja mbio kuomba kucheza majirani ni walewale waliokataa kuwa mama wa kambo. Na waliimba vizuri ajabu.

Siku ya kuonyeshwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, walikuwa wakicheka kujiona. Ulipofika wimbo wa bombani wakapoa. Asubuhi mmoja wao akaniletea samaki, migebuka miwili mikubwa.

Zawadi ameolewa Kagunga, na juzijuzi amejifungua mtoto wa kike. Mpaka leo ananiita Bi Mwajuma. Nilipanda boti kwenda kumwona mjukuu, nikauliza wamempa jina gani. Mume wake akacheka, akasema kwani hujaambiwa? Anaitwa Mwajuma.

Kwa hiyo nenda kaolewe, mwanangu. Usimdai mtoto wa watu mapenzi, wala jina la marehemu. Mlishe, mgombeze, cheka naye. Akirudi kutoka bombani au shuleni, muulize wamemwambia nini, na umsikilize mpaka amalize, maana hilo mimi nilichelewa kulijua. Na wakikuimbia hadithi ya mama wa kambo, waache waimbe. Mtoto anayekula kwako kila siku ndiye anayejua hadithi yenyewe, na siku moja ataisimulia.

Mungu akupe moyo mpana na subira isiyoisha. Akupe na wa kwako, wakue na huyo mkubwa wao bila kuulizana nani katoka tumbo gani. Uzeeke ukiwa na wa kukuletea maji.